Mafuta Lazima Yarudi Nyumbani
Namna ya kuunga mkono wa kuchimba kwenye trekta ndogo bila kuvunja pampu, na bila kuvunja kikundi



Kikundi kimoja upande wa Nyamira kilinialika niende kusaidia kuamua kesi. Si kesi ya korti, ni ile ya chini ya mti. Wanachama walikuwa wamechanga pesa wakanunua trekta ndogo iliyotumika, na baadaye mkono wa kuchimba wa kufunga nyuma yake. Kwa miezi kadhaa mashine ilifanya kazi nzuri. Ilichimba mitaro ya maji, mashimo ya choo, hata bwawa la samaki. Halafu msimu wa kupanda ukafika. Kijana dereva akafungua ule mkono, akauweka kando, akafunga plau. Akawasha injini. Trekta ikalia kwa sauti kali ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, muda mfupi tu, kisha paa! Pampu ya mafuta ikapasuka. Mafuta yote yakamwagika kwenye udongo.

Nilipofika, wengi walikuwa wamekwisha kata shauri: kijana alipe pampu au atoke kikundini. "Mwalimu, huyu kijana amekula jasho letu," mama mweka hazina akaniambia. Kijana mwenyewe alikuwa ameinama tu, hasemi neno.

Mimi si fundi. Nilisomea kazi ya jamii, na kazi yangu ni kukaa na watu wasikilizane. Lakini huwezi kupatanisha watu juu ya jambo usilolijua. Kwa hiyo nikaomba tungoje siku mbili, tukamwita mzee mmoja aliyetengeneza matrekta miaka mingi. Mzee akachuchumaa nyuma ya trekta, akafuata kila paipu kwa kidole. Hakusema mengi. Alichukua kijiti akachora duara mavumbini, kisha akaifuta sehemu ndogo ya duara hiyo. "Mafuta yalitoka nyumbani," akasema, "lakini hayakuwa na njia ya kurudi."

Tangu siku ile nimejifunza kwa mzee huyo na kwa mafundi wengine, nimesoma pia. Ninaandika haya kwa sababu vikundi vingi vya Kisii na Nyamira vinafikiria kununua mashine ya namna hii, na wengi wetu tunamwachia fundi kila kitu kwa kuwa tunaona aibu kuuliza.

KWA NINI MASHINE HII INATAFUTWA KWETU

Mashine kubwa ya kuchimba wote tunaijua kwa jina la JCB. Herufi hizo ni za jina la Mwingereza Joseph Cyril Bamford, ambaye kampuni yake ilianza mwaka 1953 kutengeneza mashine yenye koleo mbele na mkono wa kuchimba nyuma. Ni mashine nzuri, lakini kwetu mashamba ni madogo, migomba na majani chai vimebanana, na njia ya kwenda chemchemi ni ya mtu na ng'ombe. JCB haipiti. Trekta ndogo ya nguvu za farasi 25 au 30 inapita.

Tazama kazi ya bwawa. Serikali ilipoanza mpango wa kufufua uchumi mwaka 2009, mabwawa ya samaki yaliyopangwa yalikuwa ya mita 300 za mraba. Bwawa kama hilo likiwa na kina cha mita moja kwa wastani, udongo wa kutoa ni mita 300 za ujazo. Tukisema mtu mwenye nguvu anatoa mita 2 za ujazo kwa siku kwa jembe na sepeto, hizo ni siku 150 za mtu mmoja, au siku 15 za watu kumi. Sasa mkono mdogo wenye ndoo ya lita 40, ukichota mara mbili kwa dakika, unatoa karibu mita 5 za ujazo kwa saa. Hiyo ni kama saa 60. Mvua, mawe na kupumzika vitaongeza muda, lakini tofauti unaiona. Risaga ya majirani bado ina kazi yake, kunyoosha kuta na kupanda nyasi kwenye kingo, lakini mgongo wa watu hautavunjika.

MAFUTA YANACHIMBAJE?

Umeona fundi akiinua matatu kwa jeki ya mafuta pale steji. Anasukuma mpini kwa mkono mmoja, na gari la tani mbili linainuka. Siri yake ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: mafuta au maji yaliyofungiwa yakibanwa mahali pamoja, mbano huo huenda sawasawa kila upande. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah akaitumia siri hiyo kupata hakimiliki ya mashine ya kubana. Mkono wa kuchimba ni jeki hiyo hiyo, ila zipo jeki kadhaa, na mahali pa mkono wa fundi pana pampu inayozungushwa na injini.

Hebu tufanye hesabu. Presha ya kawaida katika trekta ndogo ni kama bar 150. Tairi ya gari dogo ina kama bar 2 tu, yaani zile paundi 30 za pale petroli steshoni. Kwa hiyo ndani ya hosi ya mkono wa kuchimba presha inazidi ile ya tairi mara 70 na zaidi. Silinda yenye upana wa ndani wa sentimita 5 ikipewa presha hiyo inasukuma kwa nguvu ya karibu tani 3. Ndiyo maana inang'oa kisiki. Na ndiyo maana, ikikosewa, inapasua chuma.

Shikeni mambo mawili hapa. Presha ndiyo inayoleta nguvu. Wingi wa mafuta kwa dakika ndio unaoleta mwendo. Mkono ukiwa mzito kuinua, angalia presha. Ukiwa na nguvu lakini unakwenda kama kinyonga, angalia wingi wa mafuta. Fundi anayeongeza presha ili mkono uende haraka hajui kazi yake.

MZUNGUKO WENYEWE

Mzunguko wa mafuta ni kama safari ya kwenda mtoni na kurudi nyumbani. Vituo vyake ni hivi:

1. Tangi. Hapa ndipo nyumbani kwa mafuta.

2. Pampu. Inavuta mafuta tangini na kuyasukuma. Pampu nyingi za trekta ndogo ni za gia. Pampu ya gia haina breki: injini ikizunguka, inasukuma kiasi kile kile, njia iwe wazi au imezibwa.

3. Valvu ya usalama. Hii ni mlango wa dharura. Presha ikizidi kiwango kilichowekwa, mlango unafunguka na mafuta yanarudi tangini. Kazi yake ni kama ya mfuniko wa sufuria unaonyanyuka maji yakichemka.

4. Valvu za leva. Hapa dereva anachagua mafuta yaende silinda gani. Leva zote zikiwa katikati, mafuta hupita moja kwa moja kwenye tumbo la valvu na kwenda zake bila kubanwa.

5. Silinda. Mafuta yakiingia upande mmoja, mkono unanyooka. Yakiingia upande wa pili, unakunja. Yale yaliyokuwa upande mwingine lazima yatoke.

6. Chujio na paipu ya kurudi. Mafuta yanasafishwa, yanarudi nyumbani kupoa.

Sasa shikeni neno moja kuu: kila lita inayotoka kwenye pampu lazima iwe na njia ya kurudi tangini, wakati wote injini inapozunguka. Wakati wa kuchimba, wakati wa kupumzika, na hata siku ile mkono umefunguliwa ukawekwa kando. Njia ikizibwa, pampu haitangoja. Itasukuma mpaka valvu ya usalama ifunguke, na kama hakuna valvu ya usalama mahali hapo, itasukuma mpaka kitu kipasuke.

NJIA MBILI ZA KUUNGA

Njia ya kwanza: kutumia pampu ya trekta yenyewe.

Hii ni bei nafuu, lakini inataka fundi makini. Mafuta ya trekta yana kazi nyingine tayari, kama kuinua koleo la mbele na mikono ya plau. Mkono wa kuchimba unaingizwa katikati ya safari. Mpangilio mzuri ni huu: pampu, valvu ya usalama, valvu ya koleo la mbele, valvu ya mkono wa kuchimba, na mwisho mikono ya plau.

Hapa ndipo wengi hukosea. Valvu ya mkono wa kuchimba inahitaji hosi tatu, si mbili. Hosi ya kwanza inaleta mafuta kutoka mbele. Ya pili inayapeleka mbele kwenye kazi inayofuata, yakiwa bado na uwezo wa kubeba presha. Ya tatu inarudisha tangini yale yaliyokwisha kutumika. Fundi asiyejua huunga hosi mbili tu, akalichukua tundu la kurudi tangini akalifanya njia ya kwenda kazi inayofuata. Tundu hilo kwa kawaida huandikwa herufi T, na kwenye valvu nyingi halikutengenezwa kubeba presha kubwa. Siku ya kwanza litafanya kazi. Siku ambayo mikono ya plau itainua mzigo mzito, oili sili zitatoka, au mwili wa valvu utapasuka. Kwa valvu nyingi kuna kipande maalum cha kuingiza ili mafuta ya kupita na mafuta ya kurudi yatengane. Muulize fundi: "Kile kipande kipo?" Na akuonyeshe.

Njia ya pili: pampu yake na tangi lake.

Nyuma ya trekta kuna ile shafti inayozunguka, ambayo mafundi huiita PTO. Kwa kawaida imepangwa kuzunguka mara 540 kwa dakika. Unaweza kuifunga pampu hapo, ukaweka tangi la pekee juu ya fremu ya mkono wa kuchimba. Pampu inayotoa sentimita 40 za ujazo kwa kila mzunguko itatoa karibu lita 21 kwa dakika, na hizo zinatosha mkono mdogo. Tangi liwe na angalau lita sawa na zile za dakika moja, na mara mbili yake ni bora, ili mafuta yapate nafasi ya kupoa na povu kutulia.

Njia hii ni ghali kidogo mwanzoni, lakini ina faida mbili kubwa. Uchafu wa mkono hauingii kwenye gia za trekta. Na ukifungua mkono, mzunguko wake wote unaondoka nao. Mafuta ya trekta hayaguswi. Hakikisha tu kwamba mzunguko huo una valvu yake ya usalama, kwa sababu ile ya trekta haiwezi kuulinda. Na ile shafti ifunikwe. Imewahi kukamata nguo za watu wengi duniani, na haiachi.

Neno kwa wenye Massey Ferguson 35 au 135 za zamani, ambazo bado zipo nyingi Kenya. Pampu yake imekaa ndani ya oili ya gia, na leva yake hufungua au kuziba mafuta kabla hayajaingia kwenye pampu. Mpango huu ulitokana na Harry Ferguson, ulikusudiwa kuinua plau, nao unafanya hivyo vizuri sana. Lakini hautoi mafuta mengi ya kupita wakati wote kama mkono wa kuchimba unavyotaka. Kwa trekta hizo, njia ya pili ndiyo ya kufuata.

KIUNGO KINACHOJIFUNGA

Turudi kwenye kesi yetu. Kikundi kile kilitumia njia ya kwanza. Hosi zilikuwa na vile viungo vya kuchomeka na kuchomoa upesi. Viungo hivyo ni vizuri kwa sababu ukichomoa, kila nusu hujifunga yenyewe ili mafuta yasimwagike. Lakini kule kujifunga ndiko kunakoleta hatari. Kijana alipochomoa mkono, hosi ya kuleta mafuta ilijifunga, na ile ya kuyapeleka mbele ikajifunga. Mzunguko ukakatika katikati. Ilitakiwa hosi hizo mbili zichomekwe pamoja, moja ndani ya nyingine, kabla ya injini kuwashwa. Kazi ya nusu dakika. Hakuna aliyemwambia.

Na hata hapo valvu ya usalama ingeokoa pampu. Trekta ingelia, mafuta yangepata moto, lakini chuma kisingepasuka. Kumbe fundi alikuwa ametoa mafuta kwenye paipu karibu kabisa na pampu, kabla ya kufika kwenye valvu ya usalama. Mlango wa dharura ulikuwepo, lakini upande wa pili wa ukuta.

Jifunzeni pia sauti. Mlio mkali kama wa filimbi ukisikika wakati silinda imefika mwisho, hiyo ni valvu ya usalama inafanya kazi. Rudisha leva katikati mara moja. Lita 20 kwa dakika zikipita pale kwa bar 150 zinageuka kuwa joto la kilowati 5, kama vile umetia birika mbili za umeme ndani ya tangi. Lakini ukisikia sauti kama changarawe zinazosagwa ndani ya pampu, hapo pampu inakosa mafuta. Angalia kama tangi limepungua, kama paipu ya kuvuta ni nyembamba au ndefu mno, au kama inavuta hewa. Na mlio ukianza mara tu unapowasha, leva zikiwa katikati, zima injini kwanza, maswali baadaye.

HOSI NA NATI: HII SI KAZI YA BOMBA LA MAJI

Wengi wetu tumefanya miradi ya maji, na tumebaki na vipande vya mabomba stoo. Msiwape fundi wavitumie hapa. Viungo vya bomba la maji la mabati vilitengenezwa kwa presha ndogo sana kuliko hii, na mabati yake hubanduka ndani na kwenda kukwaruza pampu. Hosi ya kubanwa kwa klipu ya bisibisi haifai hata kidogo upande wa presha. Itachomoka.

Nunua hosi yenye tabaka mbili za nyuzi za chuma; ubavuni huandikwa R2. Iwe na vichwa vilivyobanwa kwa mashine. Iwe ndefu kiasi cha kufuata mkono unapogeuka kushoto na kulia bila kuvutwa wala kusuguliwa.

Angalia pia meno ya nati. Kuna meno ya Kiingereza na ya Kimarekani. Kwa nati ya nusu inchi na ya robo tatu, yote mawili yana meno 14 kwa inchi moja, kwa hiyo yanaanza kuingiana vizuri na kukudanganya. Lakini pembe ya meno ni tofauti. Yatavuja, na ukikaza zaidi yatapasua kiungo. Wala usifunge ile tepu nyeupe ya mabomba. Vipande vyake hukatika na kuziba valvu.

Kuhusu mafuta yenyewe: kama mzunguko unatumia oili moja na gia za trekta, tia aina ile ile iliyoandikwa katika kitabu cha trekta. Kama tangi ni la pekee, tumia mafuta ya haidroliki. Namba 46 hutumika sana. Usitie mafuta ya breki kamwe, yanaharibu oili sili. Na usafi ni nusu ya kazi. Futa kila kiungo kabla ya kuchomeka. Funika kila tundu. Chembe ya mchanga usiyoiona kwa macho inatosha kukwaruza valvu.

SINDANO YA MAFUTA

Hii sehemu naomba isomwe kwa sauti mbele ya kikundi chote.

Hosi ikitoboka tundu dogo kama la sindano, mafuta yanatoka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Usitafute tundu hilo kwa kidole au kiganja. Tumia kipande cha kadibodi au ubao, na vaa miwani. Mafuta yakiingia mwilini, utaona alama ndogo tu, na maumivu ya mwanzo yanaweza kuwa madogo. Watu husema, "Ah, ni kidogo tu, nitapaka dawa." Baada ya saa chache mkono unavimba na nyama ndani inaanza kufa. Mgonjwa aende siku ile ile, saa ile ile, kwenye hospitali kubwa yenye daktari wa upasuaji, kama ile ya rufaa ya Kisii, na aseme wazi: "Mafuta ya presha yameingia ndani." Kuchelewa kumewafanya watu wakatwe vidole na mikono.

Kabla ya kufungua hosi yoyote: teremsha ndoo mpaka ikae chini, zima injini, kisha sukuma kila leva mbele na nyuma mara kadhaa ili presha iliyobaki iishe. Usikae chini ya mkono ulioinuliwa ukitegemea mafuta peke yake.

VILIMA VYETU

Mashine hizi nyingi hutengenezwa zikifikiria shamba tambarare. Kwetu tambarare ni kitu cha kutafuta. Trekta isimame ikielekea juu au chini ya mteremko, isikae kwa ubavu. Teremsha ile miguu miwili ya kusimamia, na kila mguu uwekewe ubao mpana chini, hasa wakati wa mvua za Machi hadi Mei udongo ukiwa umelowa. Ukigeuza ndoo iliyojaa, mwaga upande wa juu wa kilima. Ukimwaga upande wa chini, uzito wa ndoo na mteremko vinavuta pamoja, na trekta inapinduka.

Mkono ufungwe kwenye fremu ya chuma inayoshika mwili wa trekta. Ukining'inizwa tu kwenye ile mikono ya plau, unaweza kuruka juu na kumbana dereva, tena trekta ndogo inaweza kuvunjika katikati. Mtu asiingie kwenye mtaro unaopita futi 4 bila kuta kushikiliwa kwa mbao. Na msioshe mashine wala kumwaga oili karibu na chemchemi. Tumetoka mbali kupata maji safi.

KABLA YA KUMLIPA FUNDI

Kamati imwombe fundi afanye mambo haya, mbele ya wanachama:

1. Achore mzunguko wote kwenye karatasi, kutoka tangini mpaka tangini. Karatasi ihifadhiwe na katibu.

2. Aonyeshe kwa kidole valvu ya usalama ilipo, na kwamba iko karibu na pampu, kabla ya kiungo chochote kinachoweza kufungwa.

3. Aonyeshe hosi ya kurudi tangini, na kwamba haina mahali pa kujifunga kwa bahati mbaya.

4. Afunge geji ya presha. Injini iende polepole, leva zikiwa katikati: geji isome chini. Kisha afikishe silinda moja mwisho kwa sekunde mbili hivi: geji isimame kwenye kiwango kilichoandikwa katika kitabu, isipite.

5. Anyooshe na kukunja kila silinda mara kadhaa kutoa hewa, kisha aongeze mafuta. Silinda mpya hunywa mafuta ya tangi.

6. Aufungue mkono na kuufunga tena, dereva akiangalia. Halafu dereva afanye mwenyewe, fundi akiangalia. Atie rangi moja kwenye hosi zinazochomekwa pamoja.

Fundi mzuri hatakasirika. Anayekasirika, mshukuru na umwache aende.

KESI ILIISHAJE?

Mzee alipomaliza kuchora, palikuwa kimya. Kisha mwenyekiti akauliza: "Nani alimfundisha huyu kijana kufungua ule mkono?" Hakuna aliyejibu. Fundi alikuwa amefunga mashine siku ambayo kijana hakuwepo, akalipwa, akaenda. Wanachama wakaona kwamba walitaka kumtoza kijana kwa kosa la elimu ambayo hakupewa na mtu yeyote. Mama mweka hazina ndiye aliyesimama kwanza kumpa mkono. Pampu ilinunuliwa kwa pesa za kikundi, polepole, kwa mapato ya kulima. Na kijana ndiye siku hizi anayewafundisha wengine. Ameandika kwa rangi nyekundu juu ya bawa la tairi: CHOMEKA HOSI KWANZA.

Pesa iliyopotea ilikuwa chungu. Lakini kumpoteza kijana huyo kungekuwa hasara ambayo hakuna pampu ya kuifidia.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika mashine au mradi wetu, ni mambo gani anayajua mtu mmoja tu? Akihama leo, nani atabaki anajua?

2. Je, tunaweza kuchora mzunguko wa mafuta wa trekta yetu bila kumwita fundi? Tujaribu sasa, chini, kwa kijiti.

3. Kwa kazi tuliyo nayo mwaka huu, ni afadhali kununua mkono wa kuchimba au kukodi? Tuhesabu siku za kazi kwanza, bei baadaye.

4. Kitu kikiharibika kwetu, swali letu la kwanza huwa "nani?" au "kwa nini?"